Nyumba kunadiwa kwa deni la kodi Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nchini Marekani kodi ya majengo hukusanywa na kaunti na miji, na fedha zake huendesha shule, barabara na zimamoto. Deni likipita muda uliowekwa na sheria ya jimbo, nyumba yenyewe inaweza kuuzwa. Majimbo kadhaa yanabadilisha utaratibu huo sasa, na haya ndiyo yanayopotosha mjadala.

"Usipolipa kodi, nyumba yote inakuwa halali ya serikali."

Halali ya serikali ni deni lake: kodi, riba, faini na gharama za kuuza. Kinachozidi hapo ni cha mwenye nyumba. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo Mei 2023, majaji wote 9 kwa kauli moja, katika kesi ya Geraldine Tyler dhidi ya Kaunti ya Hennepin, Minnesota. Fleti ya bibi huyo ilidaiwa takriban dola 15,000. Kodi yenyewe ilikuwa dola 2,300 hivi. Nyingine zote zilikuwa riba, faini na gharama. Kaunti iliiuza kwa dola 40,000 na haikumrudishia hata senti. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan ilikuwa imeshatoa uamuzi kama huo kuhusu nyumba iliyonadiwa kwa dola 24,500. Kisa chake kilikuwa upungufu wa kodi wa dola 8.41, ambao pamoja na riba na gharama ulifika dola 285.81.

"Siku hizi ziada inarudi yenyewe kwa mwenyewe."

Hairudi yenyewe, na hapa ndipo haki iliyopatikana mahakamani inapopotelea ofisini. Tazama Michigan. Kodi isiyolipwa huhamishiwa kwa mweka hazina wa kaunti Machi 1 ya mwaka unaofuata, na mwenye nyumba asipokomboa deni, umiliki wake hukoma Machi 31, miaka miwili baadaye. Kuanzia hapo ana hadi Julai 1 kupeleka Fomu 5743 ya kudai ziada. Lazima iwe na muhuri wa mthibitishaji wa saini (notary), na ipelekwe kwa mkono au kwa barua ya rejista. Minada huanza baada ya tarehe hiyo, kwa hiyo mtu anatakiwa kudai fedha ambazo bado hazipo, za nyumba ambayo bado haijauzwa. Mwaka unaofuata, kati ya Februari 1 na Mei 15, anarudi tena, safari hii na ombi mahakamani. Kaunti hukata asilimia 5 ya bei ya mauzo, na wadai wengine wenye haki juu ya nyumba hulipwa kabla yake. Aliyechelewa fomu ya kwanza amekosa yote.

Mageuzi ya kweli yanaanzia hapa: kaunti inalijua jina la mwenye nyumba na inajua kiasi kilichozidi, basi imtafute na kumlipa bila kungoja fomu.

"Wanaonadiwa ni wakwepa kodi."

Wengi ni watu waliomaliza mkopo wa nyumba. Mkopo unapoendelea, mara nyingi benki hukata kodi ndani ya marejesho ya kila mwezi na kuilipa yenyewe. Mkopo ukiisha, bili inapaswa kumfikia mwenye nyumba, na anuani iliyoandikwa ikiwa ya zamani, haimfikii. Ndivyo ilivyokuwa katika kesi ya Jones dhidi ya Flowers, kutoka Arkansas: miaka 30 kodi ililipwa kupitia mkopo, kisha ikasimama. Barua mbili za rejista zilirudi bila kupokelewa, na nyumba ya takriban dola 80,000 ikauzwa kwa dola 21,042.15. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema barua ikirudi, serikali haiwezi kukaa kimya. Inaweza kutuma barua ya kawaida au kubandika tangazo mlangoni. Kubandika karatasi mlangoni ni kazi ya dakika chache.

Wengine ni warithi wanaoishi katika nyumba ambayo hati bado ina jina la marehemu, na wengine walistahili msamaha wa kodi lakini hawakuuomba. Detroit, jiji la Michigan, ina msamaha wa aina hiyo kwa wenye kipato kidogo. Sheria ya 2020 ilimruhusu anayeupata pia kufutiwa riba na faini za nyuma, na deni lake kupunguzwa na kulipwa kwa miaka 3.

"Kinachouzwa ni cheti cha deni tu, nyumba haiguswi."

Katika majimbo mengi mwekezaji hulipa kodi anayodaiwa mwenye nyumba na kupewa cheti chenye riba. Florida, wawekezaji hushindana kwa riba, zabuni ikianzia asilimia 18 na kushuka, na baada ya miaka 2 mwenye cheti anaweza kuomba nyumba inadiwe. New Jersey ilikuwa mbaya zaidi: mwenye cheti aliweza kuchukua nyumba nzima bila mnada wowote. Mwaka 2024 sheria ilibadilishwa ili mwenye nyumba aweze kudai mnada.

"Mnada huleta bei halisi."

Mnunuzi hulipa taslimu, kwa kawaida bila kukagua ndani, huku pengine kuna watu wanaishi humo na hati ina utata. Lazima bei ishuke. Katika mnada wa pili wa Kaunti ya Wayne, Detroit ikiwemo, ambao ni wa nyumba zilizokosa mnunuzi mara ya kwanza, nyumba zimekuwa zikianzia dola 500. Wako walionunua kwa mafungu, wakakusanya kodi ya pango, wasilipe kodi ya majengo, na nyumba zikarudi mnadani zikiwa magofu. Ziada inapopimwa kwa bei ya mnada kama huo, mwenye nyumba ameshapoteza thamani kabla ya hesabu kuanza.

Dawa moja ni kuuza kwa njia ya kawaida, kupitia wakala wa nyumba, kwa kutangaza na kuruhusu ukaguzi. Nyingine ni bei ya chini kabisa. Kwa nyumba anayoishi mwenyewe, Florida huongeza nusu ya thamani iliyokadiriwa juu ya deni kabla ya zabuni kuanza. Nyumba iliyokadiriwa dola 120,000 yenye deni na gharama za dola 6,000 haianzi chini ya dola 66,000. Pale mnada unapoanzia kwenye deni tupu, nyumba hiyo hiyo ingeanza kwa 6,000.