Hakimu aliniuliza swali moja tu: leo anaambukiza?

Mara ya kwanza kwenda mahakamani kuomba mgonjwa wa TB atengwe kwa amri nilibeba faili nene kama tofali. Kila kitu kilikuwemo humo, tarehe alizokosa kuja kuchukua dawa, simu tulizompigia, mara ngapi mhudumu wetu ameenda kwake akakuta mlango una kufuli, barua, sahihi, mihuri. Hakimu akapekua kurasa mbili tatu, akavua miwani, akaniuliza, daktari, leo hii huyu mtu anaambukiza au haambukizi? Nikaanza kumweleza historia ya ugonjwa. Akanikatiza, nimeuliza leo. Na makohozi yake ya mwisho kupimwa yalikuwa ya wiki tano nyuma. Kesi ikaahirishwa, nikatoka pale nimenywea, na sitaki kudanganya, nilimchukia yule mama hakimu kwa siku kadhaa. Sasa hivi naona yeye ndo alikuwa ameelewa TB kuliko mimi na faili langu.

Maana watu wengi wananiuliza inakuwaje mtu ambaye hajaiba wala hajampiga mtu afungiwe kwa amri ya mahakama, na jibu lote liko kwenye lile swali. TB ya mapafu inasafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, akiimba, hata akiongea tu, vinatoka vichembe vidogo mno vinavyoweza kuelea kwa masaa kwenye chumba kisichopitisha hewa, na anayeingia baadae anavivuta. Asipotibiwa anaweza kuambukiza watu 10 mpaka 15 kwa mwaka mmoja, hasa wale anaolala nao na kufanya nao kazi. Sahani na kikombe havihusiki kabisa (bado nakutana na familia zimemtengea mgonjwa kijiko chake halafu usiku wanalala nae chumba kimoja na dirisha wamelifunga kuzuia baridi). Tena sio kila mwenye TB anaambukiza. TB ya mifupa au ya tezi peke yake kwa kawaida haiambukizi, na kama robo ya watu wote duniani wanao vimelea vimelala tu mwilini, hawaumwi na hawamwambukizi yeyote. Kwa hiyo amri ya kutenga haiwezi kuwa ya "mtu mwenye TB", inatakiwa iwe ya mtu anayetoa vimelea hewani sasa hivi.

Hapo ndo mambo yanachanganya, kwa sababu dawa zinafanya kazi haraka kuliko watu wanavyodhani halafu zinachukua muda mrefu kuliko wanavyotaka. TB ya kawaida tunatibu kwa miezi 6, miwili ya mwanzo dawa nne (rifampicin, isoniazid, pyrazinamide na ethambutol), minne inayobaki dawa mbili. Kama vimelea sio sugu, uwezo wa kuambukiza unashuka sana ndani ya siku za mwanzo mwanzo, wengi wakifika wiki mbili hawana hatari kubwa tena kwa jirani, kikohozi kinapungua, hamu ya kula inarudi. Na ndo hapohapo mtu anaacha! Anajisikia mzima, vidonge vinamchafua tumbo, mkojo una rangi ya chungwa mpaka mwenzake anamuuliza kuna nini, kliniki inafunguliwa muda uleule anaotakiwa awe kazini. Akiacha katikati ugonjwa unaweza kurudi, na saa zingine unarudi ukiwa umeshazoea dawa, ukishindikana kwa rifampicin na isoniazid zote mbili hiyo sasa ndo TB sugu.

Kwa hiyo mtu aliyeacha dawa akiwa mwezi wa tatu wa matibabu anaweza akawa haambukizi leo, ila miezi ijayo akawa hatari. Je utamfungia kwa ajili ya leo au kwa ajili ya miezi ijayo? Mji wa New York ulijibu wazi kabisa. Wagonjwa walifika 3,811 mwaka 1992, TB sugu imeshamiri, na mwaka 1993 wakabadilisha kanuni za afya za mji ili hata mtu ambaye haambukizi kwa wakati huo aweze kushikiliwa hospitali mpaka amalize dozi, kama imeonekana wazi hataimaliza kwa njia nyingine. Watu wanaipenda hiyo hadithi, wanasema si mnaona, nguvu inafanya kazi. Wanachoruka ni kwamba kati ya wagonjwa zaidi ya 8,000 wa miaka ile waliopewa amri ya aina yoyote hawakufika asilimia 4. Waliobaki walifuatwa majumbani, kazini, vijiweni, wakamezeshwa dawa mbele ya mhudumu, wengine wakapewa nauli na chakula. Hiyo ndo iliyofanya kazi kubwa, amri zilikuwa za wale wachache wa mwisho.

Uingereza wamekata upande wa pili. Kule hakimu anaweza kuamuru mtu apelekwe hospitali, azuiliwe, atengwe, kwa siku zisizozidi 28 kwa mara moja halafu lazima iombwe upya, lakini sheria hiyohiyo haimpi uwezo wa kuamuru mtu atibiwe kwa lazima. Unaweza kumweka chumbani, huwezi kumfungua mdomo. Mwanzoni niliona ni kichekesho, unamtenga mtu wa nini kama hutaki ameze, sasa hivi mi ni mfuasi wao, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2010 kuhusu maadili ya TB nao ulisema hivyohivyo, kumtenga mtu bila hiari yake kunaweza kukubalika kama njia ya mwisho kabisa, kumtibu kwa nguvu hapana. Fikiria tu kwa vitendo, vidonge vya miezi 6 utamlazimisha mtu mzima kila asubuhi kwa kumshika mikono? Akishatengwa mahali pazuri, akapumzika, akaelezwa vizuri, wengi mno wanameza wenyewe.

Ila hilo neno "mahali pazuri" ndo linaloua kesi nyingi. Kenya mwaka 2010 wagonjwa walioacha dawa walikamatwa, wakapelekwa mahakamani Kapsabet, na amri iliyotoka ni wakae gereza miezi 8 au mpaka watibiwe vya kutosha. Gereza! Walikaa siku 46 kabla Mahakama Kuu kuamuru watolewe. Yaani ukitaka mahali duniani pa kusambazia TB huwezi kupata pazuri kuliko selo iliyojaa watu, kidirisha kimoja, wengine wamedhoofika na wengine wana HIV. Shauri lenyewe lilichukua miaka, na tarehe 24 Machi 2016 (siku ya TB duniani, ambayo ndo siku Robert Koch alitangaza kugundua kimelea mwaka 1882) Jaji Mumbi Ngugi akaamua kuwafunga gerezani kulikiuka katiba, kwamba kifungu cha 27 cha sheria ya afya ya umma hakikumpa mtu mamlaka ya kuweka mgonjwa jela, na serikali ikaambiwa iandae sera ya kutenga wagonjwa inayoheshimu haki zao. Hakusema kutenga ni marufuku, watu wanainukuu vibaya sana ile hukumu. Alikataa jela.

Afrika Kusini mwaka 2008 mahakama kuu ya kule Western Cape ilikubali wagonjwa wa TB sugu ya hali ya juu wazuiliwe hospitali hata kama hawataki, ikaona hatari kwa wengine ni kubwa kuliko uhuru wao kwa muda huo. Lakini mwishoni mwa mwaka uliotangulia, Port Elizabeth, makumi ya wagonjwa walikuwa wametoboa uzio wa hospitali wakaondoka waende kwao Krismasi. Dozi za wakati ule kwa TB sugu zilikuwa miaka miwili na sindano juu. Sasa hivi ipo dozi ya vidonge tupu ya miezi 6 kwa wengi wao, WHO waliipendekeza 2022, na naamini hiyo itapunguza kesi mahakamani kuliko sheria yoyote itakayotungwa.

Turudi kwenye vipimo kidogo maana mawakili wanatuchanganya na sisi tunawachanganya. Kipimo cha makohozi cha GeneXpert kinatafuta vinasaba vya kimelea, na vimelea vilivyokufa navyo vina vinasaba, kwa hiyo mtu anayeendelea vizuri na dawa anaweza kutoka chanya wakati haambukizi. Usilete hicho kipimo kuongeza muda wa mtu ndani, sio kazi yake. Tunaangalia makohozi kwa hadubini, yarudiwe, na kuotesha vimelea maabara ingawa majibu yanaweza kuchukua wiki sita, pamoja na siku ngapi amemeza dawa sahihi na kikohozi kikoje. Hakimu anahitaji picha nzima, tena ya juzi sio ya mwezi uliopita.

Yule mgonjwa wangu basi. Baada ya kuahirishwa ikabidi nimtafute mwenyewe kuomba makohozi mapya, na ndo mara ya kwanza mtu yeyote toka kwetu kukaa nae zaidi ya dakika tano. Alikuwa analinda usiku, asubuhi analala, na saa tuliyompangia kuja kliniki ilikuwa katikati ya usingizi wake, ameomba kubadilishiwa mara mbili akajibiwa ndo utaratibu. Hiyo haikuwepo kwenye faili. Makohozi yalitoka chanya na nyumbani alikuwa anaishi na watoto wawili wadogo, na kwingine pa kwenda hakuwa napo, kwa hiyo tulirudi na amri ikatoka: wodi ya kutengwa sio rumande, awe na wakili, simu yake abaki nayo, kesi irudi kila baada ya siku 14, na mwajiri aandikiwe barua bila kutaja ugonjwa. Siku mbili za kwanza alikataa vidonge, hatukumgusa. Siku ya tatu akauliza akimeza atatoka lini.

Mara ya pili kurudi kwa hakimu nilikuwa na karatasi ya maabara ya jana yake, hasi, mara ya pili mfululizo. Nikasema haambukizi, mheshimiwa. Akatoka mchana uleule. Miezi iliyobaki alimeza tukimwona kwa video kwenye simu saa mbili usiku kabla ya kuingia lindo, alikosa kama mara tatu hivi, nikampigia akanuna, tukaendelea, sikurudi mahakamani.