Kunasa mwendo wa mwili kwa bei nafuu kwa ajili ya gemu za uhalisia pepe

Ninatengeneza gemu ya uhalisia pepe (VR), yaani inayochezwa kwa kuvaa miwani inayokuingiza katika ulimwengu wa kompyuta, inayohusu uvuvi wa dagaa wa usiku katika Ziwa Tanganyika, na kazi hiyo ninaifanyia hapa Kigoma bila studio wala mfadhili. Wenzangu huniuliza wanunue kifaa gani cha kunasa mwendo, yaani cha kurekodi jinsi mwili wa mtu halisi unavyosogea, ili wahusika wao wasogee kama watu. Ushauri wangu ni kwamba ununuzi uje mwisho, baada ya kujua mienendo ipi inapatikana bure na ipi unaweza kuirekodi kwa vifaa ulivyo navyo.

Mitambo ya studio, kama ya Vicon na OptiTrack, huzungushia ukumbi kamera za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zinazofuatilia vishanga vyenye kuakisi mwanga vilivyobandikwa mwilini mwa mwigizaji, na kwa kuwa kila kishanga huonekana na kamera kadhaa kwa wakati mmoja, kompyuta hukokotoa mahali kilipo kwa usahihi mkubwa. Mtambo wenyewe hatuuwezi, lakini mavuno yake tunayapata: Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kilirekodi kwa kamera 12 na vishanga 41, kisha kikaachia mienendo zaidi ya 2,500, ambayo unaruhusiwa kuitia hata katika gemu ya kuuzwa mradi usiiuze data yenyewe. Kutembea na kukimbia nimevitoa humo. Mvuvi anayevuta wavu huku mtumbwi ukiyumba chini ya miguu yake ilinibidi nimrekodi mwenyewe.

Kifaa cha kwanza cha kurekodia tayari unacho. Miwani ya uhalisia pepe na vidhibiti vyake viwili hutoa mahali na uelekeo wa kichwa na mikono, na injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu kama Unity au Godot, inaweza kuhifadhi namba hizo fremu kwa fremu. Viwiko hukadiriwa kwa hesabu. Miguu hubaki ya kubahatisha. Kwa mhusika aliyeketi akipiga kasia, hiyo inatosha kabisa. (Miwani usiianike nje mchana: lenzi hukusanya jua na kuunguza kioo cha ndani.)

Miguu inapohitajika, ninatumia video. Programu ya MediaPipe ya Google hutambua nukta 33 za mwili kutoka kamera moja ya kawaida, ila kamera moja haioni kina, yaani umbali wa kitu kutoka kwenye kamera, bali inakikisia, hivyo mkono unaonyooshwa kuelekea kwenye kamera huyumba ovyo. Dawa yake ni kamera mbili au zaidi zinazotazama kutoka pembe tofauti, na programu huria ya FreeMoCap imeundwa kwa kazi hiyo: unaionyesha ubao wenye miraba myeusi na myeupe ili ijue kila kamera imesimama wapi, kisha inaunganisha picha zote kupata nukta za pande tatu. Tafuta mwanga wa kutosha, na mwigizaji avae nguo za kubana, kwa sababu kanzu au kitenge huficha magoti.

Njia ya tatu ni vihisi vya kuvaa, kama SlimeVR, ambayo ni mradi huria, au mocopi ya Sony yenye vihisi 6. Havihitaji kamera wala mwanga, kwa hiyo mwigizaji anaweza kujificha nyuma ya mtumbwi bila kupotea. Udhaifu wake ni kwamba hupima mzunguko wa kiungo, si mahali kilipo, na makosa madogo hujilimbikiza hadi mwili mzima ukageukia upande usio wake. Vihisi vinavyojisahihisha kwa dira hupotoshwa na chuma kilicho karibu, na nyumba zetu zina nondo na milango ya geti. Ningevinunua iwapo tu gemu ina mienendo mingi ya mwili mzima.

Njia yoyote utakayochagua, jasho kubwa litatoka kwenye Blender, programu ya kuhariri michoro ya pande tatu, wakati wa kusafisha mienendo uliyorekodi. Katika gemu ya kioo bapa, unyayo unaoteleza kidogo hufichwa na pembe ya kamera, lakini mchezaji aliyevaa miwani anaweza kuchuchumaa na kuutazama kwa karibu. Ninaanza kwa kuzifunga nyayo mahali zinapokanyaga, kisha viganja mahali vinaposhika kamba ya wavu, na kiwiliwili ninakigusa mwisho, tena kwa uchache, maana kukilainisha mno huondoa uzito wa wavu uliojaa.