Je, wajua kwamba kamera ya habari inaweza kuwa jicho la gaidi?

Septemba 5, 1972, Kijiji cha Olimpiki, Munich. Watu wanane wenye silaha wa kundi la Kipalestina la Black September wamewateka wanamichezo na makocha wa Israel. Alasiri, polisi waliovaa nguo za michezo wanapanda juu ya paa, tayari kujipenyeza ndani. Kila hatua yao inarushwa mubashara, na vyumba vya jengo lile vina televisheni. Watekaji wanatazama skrini, wanawaona polisi wakinyata juu ya vichwa vyao. Operesheni ikafutwa. Usiku, jaribio jingine la uokoaji uwanja wa ndege likavurugika kwa makosa yasiyohusu kamera, na kwa jumla Waisraeli 11 wakauawa. Lakini ile nafasi ya kwanza ilipotezwa na picha.

Mumbai, Novemba 2008, hali ilikuwa mbaya zaidi. Washambuliaji 10 walikuwa mjini, waliowatuma wakiwa Pakistan mbele ya televisheni za India, wakiwaeleza vijana wao kwa simu mahali makomando walipofika. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India ilivikaripia vituo hivyo waziwazi.

Gaidi anaihitaji kamera kwa sababu shabaha yake kubwa ni anayetazama. Watu wachache wenye bunduki hawawezi kulishinda jeshi, ila wanaweza kuitia hofu nchi nzima ikiwa nchi nzima imekodoa macho. Mlipuko ukirudiwa hewani mara arobaini, umelipuka mara arobaini sebuleni.

Basi tunyamaze? Uingereza ilijaribu. Mwaka 1988 serikali ya Margaret Thatcher ilipiga marufuku sauti za Sinn Féin, chama cha siasa kilichohusishwa na wapiganaji wa IRA, na makundi mengine ya Ireland Kaskazini kusikika hewani. Vituo vikawatumia waigizaji kusoma maneno yaleyale huku uso wa msemaji ukionekana. Marufuku ikaondolewa 1994. Mimi siamini ukimya ni dawa: habari isipotoka, uvumi hushika nafasi yake, nao hutisha kuliko habari.

Tena kuna kuchapisha kulikookoa watu. Septemba 1995, gazeti la Washington Post lilitoa andiko la maneno takriban 35,000 la mtu aliyekuwa akitega na kutuma mabomu Marekani kwa miaka 17. David Kaczynski na mkewe wakaisoma lugha ile na kuitambua kuwa ya Ted, kaka wa David. Wakawafikishia FBI shaka yao, na Aprili 1996 akakamatwa.

Kwangu, kazi ya mhariri ipo kwenye kuchagua saa. Barabara iliyofungwa na namba ya dharura vitangazwe upesi. Kikosi kilipo na mateka alipojificha, hayo yasubiri. Paris, Januari 2015, kituo kimoja kilitaja hewani kwamba kuna mtu amejificha kwenye chumba cha baridi cha duka lililotekwa, muuaji akiwa bado ndani.

Novemba mwaka huohuo, polisi wa Ubelgiji waliokuwa wakisaka washukiwa wa ugaidi Brussels waliwaomba wanahabari na wananchi wasitaje mienendo yao. Vyombo vya habari vikaitikia. Wananchi nao wakaijaza Twitter picha za paka, taarifa za askari zisionekane. Kesho yake polisi wakaweka picha ya bakuli la chakula cha paka, kuwashukuru.