Rada ya boti: pigo refu na mtumbwi usioonekana

"Papa fundi, unitilie pigo refu kabisa, nione mpaka Idjwi." Ombi hili la wenye boti nimelisikia sana bandarini Goma, kwenye Ziwa Kivu; Idjwi ni kisiwa cha ziwa hilo. Pigo ni mrusho mfupi wa mawimbi ya redio ambao rada huutoa, kisha husubiri mwangwi wake. Idjwi utaiona, papa. Mtumbwi ulio mbele yako ndio utakaokupotea.

Wengi wanaamini pigo refu linafaa kila mahali. Kweli linabeba nishati nyingi na kufika mbali. Ila pigo la mikrosekunde 1 linafanya vitu viwili vilivyofuatana mbele yako, vikiachana chini ya mita 150, kuwa doa moja kwenye skrini. Tena pigo likiwa bado linatoka, rada haisikii kitu, kwa hiyo mita 150 hizo za mwanzo ni giza. Sasa fikiria wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, usiku, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, karibu na ufuko: wanamezwa na doa la nchi kavu. Kwa pigo la mikrosekunde 0.08, mita 12 zinatosha kuwatenga.

Wengine wanaogopa nguvu iliyoandikwa kwenye rada: "Kilowati 4? Itamaliza betri!" Hapana. Hizo ni za kilele tu, yaani wakati pigo linatoka. Zidisha mikrosekunde 1 kwa mapigo 500 kwa sekunde: rada inarusha sehemu 0.0005 ya muda wote, wastani wa wati 2. Betri inaliwa na mota ya antena, skrini na kipashio cha magnetroni, ile taa inayozalisha mawimbi ya rada.

Dhana inayoniudhi ni ile ya kusema kikomo cha sehemu hiyo ya muda ni woga wa kiwanda. Niliwahi kuletewa rada iliyowekewa kadi ya umeme ya rada nyingine; pigo lilibaki refu, lakini mapigo yalikuwa 2,000 kwa sekunde. Kilele kilekile, wastani wati 8, mara nne. Ndani ya magnetroni, elektroni nyingine hurudi na kuigonga kathodi, sehemu inayozitoa, zikiichemsha. Joto likapanda, masafa ya mawimbi (frikwensi) yakahama, picha ikafifia, na mwenye boti akadhani antena imeoza. Magnetroni haikupona.

Lakini usichukue hesabu zangu ukazipeleka kwenye rada mpya zinazotumia transista badala ya magnetroni. Hizo zina kilele kidogo, kwa hiyo hurusha mapigo marefu na kwa sehemu kubwa zaidi ya muda, frikwensi ikipanda ndani ya pigo lenyewe. Mwangwi ukirudi, rada inaubana uwe mfupi. Huko kinachotenga mitumbwi ni upana wa frikwensi, yaani kiasi inachopanda ndani ya pigo: megahezi 15 zinakupa mita 10, hata pigo likiwa refu.