Nyumba ya duka: kuuza chini, kuishi juu

Nyumba ya duka ni jengo ambalo mwenyewe hufanya biashara chini, na familia huishi juu au nyuma. Ukipita Hurumzi au Sokomuhogo, Mji Mkongwe wa Zanzibar, utaziona zimebanana ubavu kwa ubavu, mbele nyembamba, ndani ndefu. Nyingi zilijengwa na wafanyabiashara Wahindi katika karne ya 19. Majumba ya Waarabu yalijifungia, ua katikati na mlango mmoja mkubwa wa kuchongwa. Nyumba ya duka inaelekea barabarani: asubuhi mbao za mbele hukunjwa na duka lote likawa wazi kwa wapita njia.

Nyuma ya duka kuna ghala, jiko na ua mdogo wa kuingiza mwanga na hewa. Ngazi kali hupanda hadi vyumba vya kulala na roshani. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazifiki mbali, hivyo upana wa chumba mara nyingi hauzidi mita 3. Anayelalamika kwamba vyumba ni vyembamba ajue kipimo kilitoka kwenye mti.

Duka halichagui mteja. Mngazija wa Komoro, Mhadhrami wa Yemen, Bohora (Mhindi Mwislamu), Baniani (Mhindi wa dini ya Kihindu) na mtu wa shamba wote walihitaji kitambaa, karafuu, mafuta ya taa. Hurumzi hadi leo adhana na kengele ya hekalu husikika mtaa mmoja. Kinachowakutanisha watu ni baraza, lile benchi la mawe nje ya ukuta: mtu hukaa, akanywa kahawa, akapata habari, hata asiponunua kitu. Kwangu mimi hapo ndipo penye roho ya nyumba hii.

Mji Mkongwe uliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mtindo wake sasa unaigwa hata mbali na Unguja. Inauma kuona nyumba mpya imewekewa mlango wa misumari ya shaba, kisha ikazungushiwa ukuta mrefu usio na pa kukaa. Huo ni urembo tu. Na anayekarabati nyumba ya zamani asipake saruji juu ya chokaa: unyevu hunaswa ndani, plasta ikabambuka na ukuta ukaoza.

Anayejenga upya, awe fundi cherehani au mwenye ofisi ya uhasibu, aache mbele pafunguke, aweke baraza, na ngazi ya juu aipe mlango wake wa barabarani, ili bibi na wageni wake wasilazimike kupita katikati ya wateja.