Mtayarishaji-mwandishi ni nani hasa?

Ukisoma wasifu wa watu wa filamu na televisheni utakutana na sentensi hii mara kwa mara: "ni mtayarishaji na mwandishi wa filamu na tamthilia." Msomaji huchukulia kwamba huyo ana kazi mbili, asubuhi anaandika, mchana anatafuta pesa. Wapo wa namna hiyo. Lakini kwenye televisheni, hasa ile inayofuata mtindo wa Marekani, mara nyingi ni kazi moja tu, na neno "mtayarishaji" hapo ni cheo cha mwandishi.

Kwenye filamu mambo ni tofauti. Mtayarishaji wa filamu ndiye mwenye shughuli. Anaona hadithi, ananunua haki ya kuitumia, anamtafuta mwandishi, anamtafuta mwongozaji, anabisha hodi kwa wenye fedha, na filamu ikishakamilika bado anahangaika nayo hadi ifike kwa watazamaji. Ndiyo maana tuzo ya Oscar ya Filamu Bora hukabidhiwa watayarishaji, si mwongozaji wala mwigizaji mkuu. Mwandishi hapo ni fundi aliyeitwa: anakabidhi skripti, analipwa, na anaweza kuletwa mwingine aiandike upya bila yeye kuulizwa. Hata majina yanayopita kwenye skrini yana siri yake. Kwa kanuni za chama cha waandishi cha Marekani, WGA, majina mawili yakiunganishwa kwa alama ya & maana yake watu hao waliandika pamoja kama timu; yakiunganishwa kwa neno "na" lililoandikwa kwa herufi, kila mmoja aliandika kivyake, pengine hawajawahi hata kuonana.

Jina la utayarishaji nalo hugawiwa kwa ukarimu. Mwigizaji nyota anaweza kupewa jina hilo kama sehemu ya makubaliano yake, na aliyetoa fedha vilevile. Chama cha watayarishaji cha Marekani kilichoshwa na hali hiyo kikaanzisha alama ya herufi ndogo, p.g.a., inayowekwa baada ya jina la mtu ambaye kimethibitisha kwamba kweli alifanya sehemu kubwa ya kazi ya utayarishaji. Ukiiona kwenye filamu, ujue huyo alitoka jasho.

Sasa televisheni. Filamu inakula skripti moja ikashiba, tamthilia haishibi. Msimu wa episodi 22 unataka skripti 22, na wakati ya kwanza inarushwa, nyingine iko mbele ya kamera, nyingine iko kwa mhariri, na nyingine haijaandikwa hata mstari. Mwongozaji hubadilika karibu kila episodi: anakuja, anaongoza yake, anaondoka kama mgeni. Anayejua kwamba msichana aliyepita mlangoni katika episodi ya pili atafichuka kuwa dada wa muuaji katika ya kumi na tisa ni mwandishi. Kwa hiyo mamlaka yalimfuata huko alikokaa. Huyo mwandishi mkuu, ambaye Wamarekani humwita kwa jina lenye maana ya mwendesha kipindi, ndiye anayeidhinisha waigizaji, anayekaa na mhariri, na anayejibu simu za kituo bajeti ikipasuka.

Chini yake kuna ngazi. Anayeanza ni mwandishi wa kawaida wa chumba cha waandishi, yaani chumba wanamotungia tamthilia pamoja. Akipanda anaitwa mhariri wa hadithi, ingawa hahariri hadithi ya mtu kwa maana tuliyoizoea. Akipanda tena anakuwa mtayarishaji mwenza, kisha mtayarishaji, mtayarishaji msimamizi, na juu kabisa mtayarishaji mkuu. Katika ngazi zote hizo kazi yake ya kila siku ni ileile: kukaa na wenzake katika chumba hicho, kubandika kadi ukutani, kadi moja kwa kila tukio, na kubishana ipi ianze. Kinachoongezeka ni mshahara, sauti, na idadi ya mambo yasiyo ya uandishi anayotupiwa.

Vince Gilligan ni mfano mzuri wa mtu aliyeipanda ngazi hiyo. Skripti yake ya kwanza ya tamthilia ya The X-Files ilirushwa mwaka 1995, akiwa mwandishi wa nje tu. Akaajiriwa, akapanda cheo baada ya cheo hadi mtayarishaji mkuu, humohumo katika tamthilia moja. Mwaka 2008 ilipoanza Breaking Bad, aliyoibuni mwenyewe na iliyofikia episodi 62, alikuwa ameshajifunza shughuli nzima kwa mikono yake.

Kwa nini kuandika kumfundishe mtu kutayarisha? Tazama mistari hii miwili ya skripti niliyoitunga sasa hivi:

NJE. DARAJANI. USIKU.
Mvua kubwa. Neema anavuka akikimbia, amembeba mtoto.

Mwandishi mchanga anaona hofu na mapenzi ya mama. Mtayarishaji anaona boza la maji na mabomba ya kunyunyizia, kwa sababu mvua ya Mungu haifuati ratiba, na hata ikifuata haionekani vizuri kwenye kamera bila taa kali nyuma yake. Anaona gauni la Neema likihitajika manne, maana kila wakirudia lazima aanze akiwa mkavu. Anaona kibali cha kufunga daraja, malipo ya saa za usiku, na mtoto mchanga ambaye sheria za nchi nyingi hazimruhusu kufanya kazi saa hizo. Hawa wakiwa watu wawili, ugomvi unaanza na hadithi ndiyo inayoumia. Wakiwa mtu mmoja, anafuta na kuandika hivi:

NDANI. GARI LILILOEGESHWA. USIKU.
Mvua inapiga paa. Neema amemfunika mtoto gubigubi. Anatazama mbele, kuliko na daraja. Hawashi gari.

Daraja halionekani tena. Mtoto anaweza kuwa mwanasesere ndani ya shuka, na mvua nyingi itatiwa na fundi wa sauti. Kwa maoni yangu tukio lenyewe limekuwa bora: mwanzo Neema alikuwa anakimbia tu, sasa ana uamuzi mgumu mkononi. Si kila mara ubahili huleta bahati hiyo, lakini mtu mwenye kofia zote mbili huitafuta, kwa kuwa ni hadithi yake na bajeti yake.

Kofia mbili pia hubana. Waandishi wa Marekani walipogoma tarehe 5 Novemba 2007, waendesha vipindi walijikuta pabaya. Kama waandishi walitakiwa kuweka kalamu chini. Kama watayarishaji, studio ziliwadai waendelee kusimamia episodi zilizokwisha kuandikwa. Ukikaa na mhariri ukabadilisha neno moja la mhusika, umeandika au umetayarisha? Wengi waliamua kutokwenda kazini kabisa, na mgomo ulidumu siku 100. Ule wa 2023 ulidumu siku 148, na safari hii chumba chenyewe cha waandishi kilikuwa mezani: makubaliano yaliweka idadi ya chini ya waandishi, sita kwa msimu wa episodi 13 au zaidi, isipokuwa pale mtu mmoja anapoandika msimu mzima peke yake. Hoja mojawapo ya chama ilikuwa kwamba vyumba vikiwa vidogo na vya muda mfupi, mwandishi mchanga hapati kwenda kwenye seti, pale picha zinapopigwa, na asiyekwenda kwenye seti hatajua kamwe bei ya mvua.

Kuingia katika kazi hii hakuna cheti kinachodaiwa. Wengine husomea, wengine huanza kama wasaidizi wa chumba, wakinukuu kila kinachosemwa na kuagiza chakula cha mchana. Wote huombwa kitu kimoja: skripti waliyoiandika bila kutumwa na mtu.

Kisha kuna kazi ambayo haimo kwenye wasifu wowote. Skripti ya kila mwandishi, kabla ya kupigwa picha, hupitia kwa mwendesha kipindi, naye huirekebisha ili episodi zote zisikike kama zimetoka kinywani mwa mtu mmoja. Wapo wanaogusa mistari michache. Wapo wanaoandika upya karibu kurasa zote usiku mmoja, halafu hawaweki jina lao. Ndipo mwandishi aliyetajwa anakaa nyumbani na familia yake mbele ya televisheni, jina lake linapita, mhusika anasema maneno matamu kweli, mama yake anampongeza, naye anacheka tu.