Mzabibu una losheni yake: ozoni na jua la Dodoma

Juzi nilikuwa Hombolo, Dodoma, kwa mzee mmoja aliyepunguza majani ya mizabibu yake kupita kiasi. "Mbukwa, mtaalamu," akanisalimia, kisha akaniongoza moja kwa moja hadi mstari wa tatu. Vichala vilivyobaki chini ya majani vilikuwa safi. Vilivyoachwa wazi vilikuwa na mabaka ya kahawia upande mmoja tu, ule unaotazama jua, na ganda limesinyaa.

"Ndiyo hii ozoni iliyotoboka?" akauliza.

Hapana, mzee wangu. Ozoni ni gesi iliyo juu angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua kama mwavuli, na tundu lake liko Antaktika, bara la barafu kusini kabisa mwa dunia. Watafiti wa Uingereza walilitangaza mwaka 1985. Klorini kutoka gesi za CFC, zilizotumika zamani kwenye majokofu na makopo ya kupuliza, hufanya uharibifu mkubwa pale penye mawingu ya barafu ya angani, na hayo yanataka baridi kali sana ya kule kusini. Juu ya Dodoma hakuna tundu.

Ila mwavuli wetu ni mwepesi tangu asili. Ungeishusha ozoni yote iliyo juu yako mpaka usawa wa bahari, ikabanwa na mgandamizo wa hewa wa huku chini, ungepata tabaka la milimita 3 hivi kwa wastani wa dunia. Ukanda wetu wa tropiki hupata kama 2.6. Wanasayansi huita "tundu" pale inaposhuka chini ya 2.2. La kuchekesha ni kwamba ozoni nyingi hutengenezwa angani huku kwetu kwenye jua kali, halafu mikondo ya hewa ya juu huisafirisha kuelekea kwenye ncha za dunia. Kama zabibu zetu tu: zinalimwa Dodoma, zinaliwa Dar es Salaam. Ongeza kwamba tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Oktoba hiyo hata wingu la kutukinga ni la kutafuta.

Mwavuli ukiwa mwepesi, kinachopenya zaidi ni mionzi ya urujuanimno ya kundi B, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho. Ikifika kwenye seli hugandisha pamoja herufi mbili jirani za DNA, ule uzi unaobeba maelekezo ya seli, na seli ikijaribu kunakili mahali hapo inakosea. Ozoni ikipungua asilimia 1, mionzi yenye madhara hayo huongezeka karibu asilimia 2. Baharini, kwenye maji yaliyo chini ya tundu la Antaktika, watafiti walipima mwaka 1990 wakakuta vijimea vidogo vya kijani vinavyolisha bahari nzima vimepunguza uzalishaji kwa asilimia 6 hadi 12.

Mmea haukai tu unaungua. Zabibu hujaza kwenye ganda lake kemikali za flavonoidi zinazonyonya urujuanimno kabla haujafika ndani. Hiyo ndiyo losheni yake. Tena mmea una kimeng'enya kinachotumia mwanga wa bluu kuachanisha zile herufi zilizogandana. Binadamu hatuna hicho. Tunarekebisha uharibifu huo kwa njia ndefu zaidi, na usiorekebishwa huweza kuonekana baadaye kama saratani ya ngozi; urujuanimno huchangia pia mtoto wa jicho. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, wasio na rangi ya kuwakinga, kofia pana na losheni ni kinga ya lazima, si urembo.

Lakini losheni ya zabibu hutengenezwa taratibu. Kichala kilicholelewa kivulini wiki kadhaa, ukikivua majani siku moja, kinakutana na jua kikiwa hakijajipaka kitu. Joto nalo limo, sitaki kuusingizia urujuanimno peke yake.

Mzee akauliza kama mwavuli utarudi. Unarudi. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1987, ilizifungia CFC, na tathmini ya wataalamu iliyotolewa Januari 2023 inasema sehemu kubwa ya dunia itafikia hali ya mwaka 1980 mnamo 2040 hivi, Antaktika kama 2066.

Akahesabu kwa vidole, akaishia njiani. "Basi niambie majani ya msimu huu," akasema. Nikamwonyesha yale yanayofunika vichala: hayo ayaache, na yatakayotolewa yatoke mapema, punje zikiwa bado ndogo na ngumu.